Nimesahau nywila tu: kwa nini kila fundi anakimbilia kufomati?

Wadau, nimevumilia wiki tatu na sasa naomba niseme. Ninayo kompyuta mpakato ya zamani inayotumia Windows 7, mfumo ambao muda wake wa kuhudumiwa ulikwisha tarehe 14 Januari 2020. Niliiweka kabatini nilipopata mashine nyingine, na hivi karibuni nikaitoa kwa sababu ndani yake zimo rekodi za sauti za marehemu bibi yangu akiutaja ukoo wetu kizazi kwa kizazi. Nikaiwasha, ikaniomba nywila, nikaandika niliyoidhani, ikakataa. Chini ya kisanduku kikajitokeza kidokezo nilichokiandika mimi mwenyewe miaka hiyo: “Ile ya siku zote.” Siku zote zipi, sikumbuki. Kwa hilo lawama ni yangu na simtwishi mtu mwingine.

Hasira yangu inaanzia kwa mafundi. Wa kwanza hakuifunua hata kuitazama skrini. Aliniuliza tu kama nimekuja na chaja, kisha akasema nimwachie “anipigie Windows upya”. Nilipomweleza kwamba shida yangu ni mafaili na wala si mashine, alijibu kwamba bila kufomati, yaani kufuta kila kitu kilichomo kwenye diski, haiwezekani, akageukia simu ya mteja mwingine.

Wa pili alijifanya mjuzi zaidi. Alifungua skrubu za chini, akachomoa ile betri ndogo bapa kama sarafu, akasubiri dakika kadhaa, akairudisha, akawasha. Saa ya mashine ilirudi nyuma miaka mingi, na nywila ikaombwa vilevile! Betri ile hutunza saa na mipangilio ya BIOS, ile programu ya ndani inayoiamsha mashine kabla ya Windows, ilhali nywila ya Windows haikai huko hata chembe: imo kwenye diski, katika faili liitwalo SAM, tena haikuhifadhiwa kwa herufi zake bali imesagwa kwa hesabu isiyorudishika. Hata nywila ya BIOS yenyewe, kwenye kompyuta mpakato nyingi, hukaa katika chipu isiyotegemea betri hiyo. Sasa mtu anayelipwa kwa kazi hii, asipojua nywila ipi inakaa wapi, tunamlipa kwa lipi?

Huduma kwa wateja ya kampuni iliyotengeneza mashine nayo ilinishauri nitumie flashi ya kurejeshea nywila. Nilifurahi, mpaka nilipoelewa kwamba flashi hiyo hutengenezwa ukiwa umeshaingia kwenye akaunti yako, yaani kabla hujasahau. Ni sawa na kumwambia mtu aliyefungiwa nje kwamba ufunguo wa akiba uko mezani, ndani. Sitaki hata kuizungumzia sana ile programu iliyojinadi kuwa ya bure, ikachunguza diski, ikanionyesha jina la akaunti yangu, halafu ikadai malipo kabla ya kitufe cha mwisho.

Aliyenitoa kwenye shida hii si fundi, ni mpwa wangu. Swali lake la kwanza lilikuwa, “Mjomba, diski hii ilifungwa kwa BitLocker?” Hiyo ni kinga ya Windows inayoisimba diski nzima, yaani kuigeuza isisomeke bila ufunguo. Tukageuza mashine na kusoma kibandiko cha chini: Windows 7 Home Premium, toleo ambalo halikuwa na BitLocker kabisa. Basi akachomeka flashi yenye Ubuntu, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, akaiamuru mashine iwakie kwenye flashi badala ya diski, na folda zangu zikajipanga mbele yetu bila kuulizwa nywila yoyote, kwa kuwa nywila ya kuingilia Windows hulinda mlango wa Windows na haiyasimbi mafaili yaliyomo. Tulinakili kila kitu kwenye diski ya nje. Nikafungua rekodi moja, nikamsikia bibi akikohoa kabla ya kuanza kusimulia, kama ilivyokuwa kawaida yake.

Naelewa kwamba si kila mashine ingekubali kirahisi hivyo. Ingekuwa na BitLocker, ningehitaji ule ufunguo wa urejeshaji wenye tarakimu 48, na bila huo hata mpwa wangu angenyoosha mikono. Vilevile, mafaili yaliyosimbwa kwa EFS, kinga ya Windows inayofunga faili mojamoja, yanaweza kubaki yamefungwa iwapo mtu atabadilisha nywila kwa nguvu kutoka nje ya Windows, na ndiyo maana tulitangulia kunakili, tukaiacha akaunti kama ilivyo. Lakini hayo yote hujulikana kwa kuuliza, na mafundi wangu wawili hawakuuliza.

Jana yule wa kwanza alinipigia simu kutaka kujua kama nimeshakubali kufomati. Mafundi mliomo humu, naomba mnijibu bila kunizungusha: kinachowashinda ni nini kumuuliza mteja kama anayahitaji mafaili yake, na kama diski imesimbwa, kabla hamjagusa chochote?