Kiwanja Goba jirani na mto: nijiridhishe vipi kabla ya kutoa hela?

Mtafuta Kibanda: Wakuu, wakubwa shikamooni. Nimepata kiwanja Goba, hapa Dar, mita 20 kwa 20, kwa bei ambayo huko juu barabarani hupati hata nusu yake. Kasoro ni mto, uko chini kama hatua mia hivi. Nimeenda Septemba: mto mkavu, vijana wanachimba mchanga, watoto wanacheza mpira katikati. Dalali anaapa kuwa El Nino ya 2023 ilipita na maji hayakufika. Wife hataki kusikia. Alikulia Jangwani, kule bondeni mjini, mafuriko ya Desemba 2011 alikesha juu ya bati. Nipeni mbinu za kukagua.

Fundi Msingi: Kagua kuta za majirani. Nyumba ikipigwa rangi upya nje, mstari wa tope mara nyingi umebaki chooni au nyuma ya stoo. Ukiona mlangoni kuna kizingiti cha tofali tatu, mwenyewe kashakuambia bila kufungua mdomo. Tazama na miti ya ukingoni: matambara na chupa zilizonasa kwenye matawi ndicho kimo cha maji.

Bwana Shuka: Nunua mkuu, pandisha msingi. Dar nzima bonde hii.

Mama wa Ukingoni: Bwana Shuka, msingi unazuia maji kuingia sebuleni, hauzuii mto kula ardhi. Kwetu maji hayajawahi kuingia ndani hata siku moja. Ukingo ndio unaomeguka kila masika, kwa sababu malori ya mchanga yamechimba mto hadi kingo zimebaki zinaning'inia. Kilitangulia choo, likafuata jiko. Mdogo wangu, waogope hao vijana wa mchanga kuliko mawingu. Halafu Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni. Hatua mia zako ni ngapi kwa futi kamba?

Mpangaji Mzoefu: Ulizia wapangaji, mwenye nyumba anaogopa kushusha bei ya eneo. TMA, wale wa hali ya hewa, wakitoa angalizo la mvua kubwa vuli hii, kesho yake asubuhi uwe pale. Na usidanganywe na jua la Goba, mvua ikipiga huko mto unakotoka, maji yanakukuta umeanika nguo.

Mtafuta Kibanda: Mrejesho. Jana nimerudi, sikumwambia dalali. Bodaboda wa kijiweni kanipeleka hadi ukingoni, kanionyesha nguzo ya umeme imelala chini mchangani. Nikamuuliza imeletwa na maji? Akacheka: "Hapana bro, hiyo ilikuwa uani kwa mtu." Nikapima kutoka ukingoni hadi bikoni ya kwanza, jiwe la mpaka wa kiwanja, mita 64. Dalali kapiga simu mara tatu tangu asubuhi, sijapokea.