Nimehamia Mjini kutoka Wete kwa kazi ya harakati, na faili la kwanza limeniangukia mlango wa pili. Naombeni ushauri

MchambuaKarafuu

Assalaam alaykum jamani. Mnisamehe kwa urefu, sina pa kuyasema haya, maana hapa nilipo kuta zina masikio.

Mie ni mtu wa Wete, Pemba, miaka 26. Nimejitolea miaka miwili kwenye mambo ya kupinga udhalilishaji kule kwetu, shehia kwa shehia, mara nyengine kwa baiskeli ya kuazima. Juzi juzi jumuiya moja ya hapa Unguja imeniajiri. Mkataba wa mwaka mmoja, afisi Mpendae. Kazi yenyewe ni kufuatilia kesi za wanawake na watoto: kumpeleka mtu kituo cha Mkono kwa Mkono, pale aliyedhalilishwa anapopata daktari na polisi pahala pamoja, kukaa naye polisi, kumkumbusha tarehe ya mahkama, kumsihi asirudi nyuma. Simu ya kuitwa kazini ilipokuja mama alikuwa anaanika karafuu. Aliliacha jamvi kuku wakalikanyaga, akaingia ndani kusali rakaa mbili.

Nimeshuka bandarini na sanduku moja na polo la muhogo, nikafikia kwa shangazi Jang'ombe. Wiki ya tatu hii. Shangazi ni mjane, hataki senti yangu, na chakula ananifunikia hata nikirudi saa mbili usiku.

Sasa tatizo. Jumatatu nimekabidhiwa faili langu la kwanza, kesi ya mtoto wa skuli. Nikalifungua, nikasoma mtaa, nikasoma jina la mtuhumiwa, nikalifunga. Ni kijana wa nyumba ya pili kutoka kwa shangazi. Mama yake ndiye anayetuletea mkate wa kumimina kila Ijumaa. Jioni ile ile nilimkuta mama huyo kibarazani kwetu, anasukwa nywele na shangazi. Nikatoa salamu, nikapita, nikajifungia chumbani.

Sijamwambia mtu. Jana shangazi, anachagua mchele, hata uso hakuinua, akaniuliza: "Kwani nyinyi huko afisini mnashughulikia na kesi za huku kwetu?" Nikamwambia tunashughulikia za kila pahala. Akanyamaza mpaka mchele ukaisha, ndipo akasema: "Wale ndio walionizikia mume wangu." Basi. Hakuongeza neno.

Chumba nimetafuta. Kipo kimoja Bububu, 120,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi 6 mbele na dalali anataka mwezi wake. Jumla 840,000. Mie nina 380,000, nyingi ni za karafuu za mama, na mshahara wa kwanza haujatoka, tumeambiwa fedha za mradi zimechelewa. Nihame kwa deni? Nibaki nijikaushe? Au niache nirudi kwetu? Na nikihama, shangazi namwambia nini?

Kibanda_cha_Juu

Urudi Wete ukimbie kujuana? Mwenzangu, huko si ndiko mnakojuana mpaka babu wa babu! Muhali wa huko, wa kuoneana haya, unaujua wewe kuliko sisi.

BiMkubwaNgambo

Mwanangu, mie ni msaidizi wa sheria, nimeota mvi kwenye kazi hii. Kwanza umeandika mengi mno hapa. Kama mtaa huo ni wa kweli, ufute sasa hivi, kabla hujamaliza kunisoma.

Pili, faili hilo si lako tena. Kesho, kabla ya chai, mwambie msimamizi wako kwamba mtuhumiwa ni jirani wa nyumba unayokaa, apewe mwengine. Na uliandike, usiseme kwa mdomo tu. Usione kama ni woga. Jamaa za mtoto wakija kujua kwamba anayewasindikiza mahkamani anakula mkate wa mama wa mtuhumiwa, wataacha kukwambia ukweli, na hapo kesi ndiyo imekwisha. Sheria tunazo. Sheria ya Mtoto ya 2011 ipo, Sheria ya Adhabu ya 2018 ipo, mahkama maalumu za udhalilishaji tunazo tangu 2021. Kinachotuangusha ni shahidi anayeamka siku ya kesi akasema kichwa kinamuuma, kwa sababu mshitakiwa ni mtoto wa mtu aliyemuazima sukari.

Na mafaili hayalali nyumbani. Simu uitie namba ya siri. Shangazi akikuuliza tena, usimwambie kesi ipo wala haipo. Jibu lako la jana lilikuwa zuri, libakishe hilo hilo.

FundiMita

Mie ya harakati siyajui, nizungumzie chumba. Bububu usikikimbilie. Ni daladala ya 502 mpaka mjini, halafu gari ya pili kwenda Mpendae. Nauli nne kwa siku, na usiku ukichelewa mahkamani au spitali ni bodaboda. Piga hesabu hiyo kabla ya kodi.

Halafu uliza tukuza, mita ya umeme wa kununua kabla. Ya peke yako au mnachangia? Nilipanga nyumba ya vyumba vitano, mita moja. Jirani wa chumba cha mwisho ana friza, anauza barafu na malai. Mwaka mzima tumenunua umeme wa barafu yake, na malai tukauziwa bei ile ile ya watoto wa mtaani. Maji nayo usiambiwe yapo. Nenda jioni, fungua mfereji mwenyewe.

Miezi 6 si aya, inazungumzika. Mwenye nyumba mwambie mkataba wako ni wa mradi, una kodi ya miezi mitatu mkononi. Wapo wanaokubali, hasa ukienda bila ya dalali. Na ukishahamia, nenda kajitambulishe kwa sheha mapema. Kwa kazi yako utamhitaji kila wiki, usije ukamjua siku ya ugomvi.

MzeeWaBaraza

Mnamfundisha mtoto wa watu kuvunja udugu. Mgeni wa wiki tatu, anakula kwa watu, anataka kuwapeleka watu polisi. Mambo kama haya wazee hukaa kitako wakayamaliza, kila mtu akarudi nyumbani kwake salama.

BiMkubwaNgambo

Mzee wangu, heshima yako. Vikao hivyo mie nimevikalia. Kimoja nilihesabu watu kumi na mmoja ukumbini, wake kwa waume, tukazungumza tokea laasiri mpaka adhana ya magharibi. Mtoto mwenyewe hakuwemo. Alikuwa uani, anaosha vikombe vya chai tuliyokunywa sisi.

Kibanda_cha_Juu

Hapo sina la kuongeza.

WifiWaMkoani

Hamjamjibu la shangazi, na mie naona ndilo linalomlaza macho. Dada, usihame kimyakimya. Shangazi wa kipemba ukimtoka bila ya neno, khabari itafika Wete kabla yako. Mkalishe, mwambie jambo la kweli: kazi yangu inanirejesha usiku, na ipo siku watu watakuja kunitafuta nyumbani kwa shari, sitaki wagonge mlango wako. Hilo si uongo na wala halina jina la mtu ndani yake. Kisha Jumapili nenda na samaki wako, upike kwake, ule kwake. Mie nilihama kwa khalati yangu kwa ugomvi wa ndoo ya maji, miaka minne hatusemezani. Wallahi najuta.

Ukiweza hama kabla ya Novemba. Siku 16 za uanaharakati wa kupinga udhalilishaji zikianza tarehe 25 mpaka 10 Disemba, hata soksi hutapata nafasi ya kufua.

MchambuaKarafuu

Ahsanteni nyote. Bi Mkubwa usiwe na wasiwasi, mtaa na siku nilivibadilisha kabla ya kuandika.

Msimamizi nimemwambia, na barua nimempa. Alisoma amesimama, akachukua faili palepale akalitia kwenye droo yake. Akaniuliza kama kuna mtu nyumbani niliyemwambia. Nikasema hapana. Akasema vizuri, nenda kanywe chai. Nilidhani nitahisi nimetua mzigo, lakini nilivyotoka nililia chooni, sijui kwa nini. Labda kwa sababu yule mtoto sitamsindikiza mie.

Chumba: mfanyakazi mwenzangu anakaa Kwarara na dada mmoja muuguzi, wana nafasi ya godoro. 50,000 kwa mwezi, hamna miezi mbele. Tukuza yao wenyewe, FundiMita, nimeuliza! Mfereji nimeufungua, unatoa. Nahamia mwisho wa mwezi inshaallah.

Mzee wa Baraza, nimekusoma pia. Sina jibu lako kwa leo.

Shangazi bado sijamkalisha. Nilisema nitazungumza naye leo baada ya sala ya Ijumaa. Nimerudi nikakuta mkate wa kumimina umeshaletwa, umefunikwa na kawa pale mezani. Sasa hivi magharibi inaingia. Yeye hajaugusa, na mie sijaugusa.