Karatasi ya mchango sitaki tena: chuo chetu tutakipatia vipi tangi la maji?

Ukhti wa Konde

Asalaam alaykum ndugu zangu. Nipo Konde, Pemba. Nasomesha chuo cha Qur'ani, watoto 58, jioni wakishatoka skuli. Maji ya kutilia udhu tunayafuata kisimani, nusu saa kwenda na kurudi, na wanaotumwa ni wasichana wakubwa. Hao hao ndio wanaokosa nusu ya darasa. Wavulana wadogo wameshawapita juzuu mbili, na mimi nimechoka kulitazama hilo kila siku.

Paa la bati tunalo. Tunataka tuyavune maji ya mvua kabla masika hayajaingia: tangi la plastiki la lita 2,000, gata, mabomba na jukwaa la mawe la kuliwekea. Fundi kanipigia hesabu 940,000, na gari ya kulileta tangi kutoka mjini Chake Chake imo humo.

Sasa, karatasi ya mchango sitaki. Mwaka jana imepita ya maziko, ikapita ya harusi, ikapita ya hilo bati lenyewe. Mtu akiniona na karatasi mkononi anakumbuka kaacha chungu jikoni. Simlaumu, hata mimi nakumbuka changu.

Tukajaribu maandazi. Mimi na wenzangu wawili, siku kumi, tunaamka saa tisa usiku, tunauza barazani. Jirani anachukua matano, anasema "niandikie". Nilipotoa unga, mafuta na kuni, mkononi zimebaki 14,500, na kwenye daftari 31,000 za watu nisioweza kuwadai, kwa sababu ndio wazee wa wanafunzi wangu. Alama ya mafuta kwenye mkono wa kulia ninayo mpaka leo.

Naomba mawazo. Tupo wanawake sita, mtaji usizidi 60,000. Tafadhali, asinambie mtu nifungue duka.

Kijana wa Jambiani

Wa alaykum salaam. Huku kwetu kina mama wanasaga mwani wanafanya sabuni, watalii wananunua. Mwani Pemba mnao.

Ukhti wa Konde

Mwani tunao kaka, watalii ndio hatuna. Konde mgeni akionekana ujue kapotea njia ya kwenda msitu wa Ngezi.

Baba Mikarafuu

Dada, wewe upo Pemba halafu unauza maandazi? Msimu ukifika, pita usiku kwenye baraza lolote uone watu wanavyochambua. Karafuu inakwenda jamvini, makonyo, yaani vile vikonyo vyake, yanarundikwa pembeni, na nyumba nyingine yanalala hapo mpaka yanyeshewe mvua. Omba hayo. Usiombe pesa: kila nyumba yenye mikarafuu ikupe pishi mbili za makonyo. Hutasikia mtu anasema hana, kwa sababu kila mtu anayaona pale chini.

Yaanikeni yakauke sawasawa, yakivunjwa yalie. ZSTC, shirika la biashara la serikali, wanayanunua, yanakwenda kiwanda cha Wawi kutolewa mafuta. Bei yake si ya kujivunia, wala usitarajie tangi zima hapo. Tarajia gata na mabomba.

Angalizo moja. Mtu akikupa karafuu yenyewe badala ya makonyo, mshukuru, lakini ipeleke kituoni ZSTC kama wanavyopeleka wengine. Asije mtu akakunong'oneza kuwa ng'ambo kuna bei nzuri. Chuo cha Qur'ani kikamatwe kwa magendo ya karafuu? Tutachekwa mpaka Makunduchi.

Bi Mkubwa wa Mtambwe

Mwanangu, nimekusoma mara mbili. Maandazi yako hayana kosa. Kosa ni kuwa umemuuzia jirani kitu cha kila siku. Cha kila siku hukopwa. Mimi nimezaa saba na nimeuza kila kitu, nakwambia sijapata kumuona mwanamke akikopa udi wa harusi ya mwanawe. Anaona haya. Atautolea pesa hata kama jioni hiyo watu watakula muhogo mkavu.

Pikeni udi.

Miaka michache nyuma tulikuwa wanne, tunamtafutia jirani yetu matumizi. Mwanawe kalazwa Unguja, naye analala kwa watu. Chungu cha kwanza tulikiharibu mimi na ujuaji wangu. Sukari tumeichemsha kwa maji kidogo, moto wa makaa, inavuta kama asali, nzuri kabisa. Nikatia vijiti vya udi, nikatia unga wa sandali, halafu sufuria ikiwa bado motoni nikamimina marashi chupa nzima. Mwanangu! Mvuke ule ulivyonukia, wapita njia walisimama wakauliza nani anaolewa. Nyumba ilinukia siku mbili. Udi wenyewe, ulipopoa tukautia kwenye chetezo, ulinuka sukari iliyoungua. Harufu yote ilikuwa imetoka na mvuke.

Kwa hiyo shika hili: sufuria ishuke kwanza, ikae chini, ukiweza kushikisha kiganja ubavuni mwake ndipo utie miski na marashi. Na asikae mtu mmoja kukoroga, mkono ukichoka sukari inakamata chini.

Chungu kimoja kilitugharimu 58,000, maana vijiti ndivyo ghali. Tulipata vikopo 40, tukauza 5,000 kimoja. Zikabaki 142,000. Najua sasa hivi umeshika kalamu unapiga hesabu ya vyungu saba. Iwache. Mnunuzi wa vyungu saba hayupo Konde. Vyungu viwili uza hapo, kwa wenye harusi na wiki ya mwisho ya Ramadhani. Vyengine vipeleke kwa jamaa zenu wa Unguja, na kila mwenye dada Maskati amtafute. Wale wanataka udi uliopikwa Pemba, na ukimwambia kikopo hiki kinanunua maji ya chuo, hakuulizi bei.

Kuandika haturuhusu. Ukimwandikia mmoja umeshafungua daftari jengine.

Fundi Bomba

Nipo Micheweni. Hilo paa lina ukubwa gani? Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Tuseme urefu ni mita 9 na upana 6, hiyo 54. Mvua ya milimita 10 inakupa lita 540, toa za kumwagika. Mvua nne tano za nguvu tangi limejaa. Watoto 58 kila mmoja na kopo la lita moja na nusu ni lita 87 kwa siku, basi tangi moja ni kama siku 23 bila mvua. Kisima msikisahau, lakini wasichana watasoma.

Wekeni bomba la kumwagia maji ya mwanzo. Kunguru wa hapa kwetu mnawajua, bati lote ni lao.

Jukwaa nitawajengea mimi bila ya pesa. Mawe na saruji juu yenu, na siku hiyo nile.

Somo wa Wete

Nauliza tu: pesa anaweka nani? Sisi kwenye kikundi cha hisa tuna kasha la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wa nyumba mbalimbali. Na sheha ajue kabla hamjaanza, asije akaisikia kwa watu.

Ukhti wa Konde

Nimewasoma wote, na usiku sikulala kwa hesabu.

Fundi, nimelipima paa kwa kamba: mita 10 kwa 6, Mungu akulipe. Ukitoa ujenzi wa jukwaa, fundi wa mwanzo kashusha hadi 815,000, ingawa kanuna kidogo. Siku yako utakula wali wa nazi na samaki changu.

Makonyo nilianza jana baada ya Alasiri. Nyumba sita, viroba vitatu, na bibi mmoja ninayemdai maandazi ya 4,000 kaniletea kiroba kizima mwenyewe, hakusema kitu, kakitua akaondoka. Jina lake nimelifuta kwenye daftari. Sheha nimemwambia. Funguo zitakaa kwangu, kwa mke wa imamu na kwa mama wa mwanafunzi mmoja, mkali kuliko kufuli yenyewe.

Bi Mkubwa, chungu cha kwanza tunapika Alkhamisi. Vijiti vya udi Chake nimeuliziwa bei, nimerudi nyuma. Kuna mtu wa Unguja anakuja na boti kabla ya Jumatano, apite sokoni Darajani anichukulie robo kilo? Pesa natuma kwa simu leo leo, na bandarini Mkoani nakuja kupokea mwenyewe.