Soko huria la Afrika Mashariki ni la nani hasa? Sisi wa dagaa tunakamuliwa tu mpakani

Wakuu salaam, leo nina hasira, nikiandika vibaya mnivumilie.

Nipo Mwanza, biashara yangu dagaa. Nachukua soko la Mwaloni pale Kirumba, bei ikipanda nazifuata Ukerewe, halafu navusha. Kila siku tunaimbiwa soko ni moja, Umoja wa Forodha umeanza Januari 2005, Soko la Pamoja Julai 2010, mali ya kwetu haitozwi ushuru ikivuka. Sawa, ushuru ni sifuri, sibishi. Ila kabla hujaifikia hiyo sifuri kuna leseni, kuna kibali cha kutoa nje, kuna cheti cha afya, kuna mrabaha, kuna ushuru wa halmashauri, kuna kleari (wakala wa kutoa mzigo forodhani) wa huku na kleari wa kule, na kila mmoja anakwambia yake ndogo tu mama, yake ndogo tu. Zijumlishe hizo ndogo uone faida imebaki wapi!!

Sasa safari hii ya juzi (mpaka siutaji, wenye kazi zao watajijua) nimefika na makaratasi yote. Upande wetu wamegonga mihuri vizuri. Kuingia upande wa pili naambiwa cheti changu hawakitambui, mzigo ushushwe ukaguliwe upya. Kijana kaja na chuma anatoboa gunia moja baada ya jingine, anazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, anachambua, anazimwaga juu ya turubai. Dagaa kavu ukizishika hivyo zinakatika vichwa, zinabaki chenga. Na wingu lilikuwa limeshafunga, mvua ikapiga magunia yapo chini, turubai la kufunikia ndo hilo wamemwagia dagaa. Nimelia wakuu, siwafichi. Dagaa ikishalowa inabadilika rangi, inaanza kunuka, mteja wa chakula cha watu haitaki tena, inaenda kwa wasaga chakula cha kuku kwa bei wanayotaka wao.

Na Jumuiya ina sheria ya viwango ya mwaka 2006 kabisa, lengo lake kilichopimwa nchi moja kisisumbuliwe nchi ya pili. Nimemtajia yule ofisa akacheka, akaniuliza kama mimi ni wakili.

Halafu kuna ule utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo, mzigo ukiwa hauzidi dola 2,000 na upo kwenye orodha yao unajaziwa cheti cha uasilia (cha kuonyesha mali imetoka nchi gani) palepale mpakani, huhitaji mlolongo. Mnaujua? Nani wa Mwaloni aliwahi kuitwa akafundishwa? Mimi nimeujua kwa dereva wa lori!

Kinachoniuma ni kwamba mkubwa analindwa. Umoja wa Forodha ulivyoanza, baadhi ya bidhaa za Kenya ziliendelea kutozwa ushuru wa kupungua kidogo kidogo mpaka 2010, ili viwanda vyetu vipumue kwanza. Safi sana. Sisi wa magunia kumi ishirini tulipewa miaka mingapi ya kupumua? Sasa hivi mnunuzi wa nje anashuka mwenyewe mpaka mwaloni na hela taslimu, anapandisha bei, anajaza gari anaondoka, mimi wa hapahapa nikivuka kwao nageuzwa mhalifu.

Na wale wa "Wakenya wanatuonea" subirini kwanza, tusijifanye malaika. Machi 2021 walizuia mahindi yetu na ya Uganda kwa habari ya sumukuvu (sumu ya ukungu kwenye nafaka), tukapiga kelele mpaka wakafungua kwa masharti. Lakini 2017 si sisi tuliochoma vifaranga zaidi ya elfu sita vimetokea kwao, pale Namanga? Wakubwa wakinuniana, mzigo unaolala mpakani ni wa kwangu, sio wao.

Mtu asije hapa na "fuata utaratibu", nimeufuata na risiti ninazo. Ninachotaka kujua, kuna mtu kavusha dagaa au furu karibuni bila kutoa hela ya chai? Sirari, Mutukula, Rusumo, popote. Aseme kalipa nini, wapi, na kapewa karatasi gani. Na kama kuna anayejua mzigo ulioharibiwa kwenye ukaguzi unadaiwa ofisi gani aniambie, maana huku kila dirisha linanielekeza dirisha lingine na kleari wangu hapokei simu tangu jana.