Mrejesho: jino nililotaka kung'oa limepona

Habari zenu ndugu zangu. Niliuliza hapa kuhusu jino la mbele lililokuwa limetibiwa mzizi na kuzibwa, lakini kipele cha usaha kikawa kinarudi kwenye ufizi. Nilitaka kujua ning'oe au nikubali upasuaji wa ncha ya mzizi. Nilikubali upasuaji.

Daktari alinionyesha kwenye eksirei doa jeusi lililozunguka ncha ya mzizi. Alieleza kwamba pale nchani kuna vijinjia vyembamba sana ambavyo sindano za kusafishia mzizi hazivifikii, na bakteria hujificha humo. Kwa hiyo wanaingilia upande wa pili: ganzi, wanachana ufizi, wanatoboa kidirisha kwenye mfupa, wanakwangua uchafu, wanakata ncha kama milimita 3, kisha wanaziba mzizi kutokea hapo nchani kwa saruji maalumu na kushona.

Maumivu sikuyasikia, ila mtetemo wa mashine niliusikia, na kwa kweli huo ndio ulionitisha. Uvimbe wa mdomo ulizidi siku zilizofuata ndipo ukashuka. Barafu ilinisaidia mno!

Sasa kipele hakijarudi, na eksirei ya karibuni inaonyesha mfupa unaanza kujaa. Bado nina eksirei nyingine mbele, maana mfupa huchukua miezi kupona.

Aliyeniambia niulize kwanza kama mzizi una ufa, Mungu akubariki. Daktari alisema ungekuwa umepasuka wima, upasuaji usingefaa kitu.