Mrejesho: kitenzi "nuntiare" (kupasha habari) cha Kilatini

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza kwa nini sala ya Malaika wa Bwana inasema "Angelus Domini nuntiavit Mariae" (Malaika wa Bwana alimpasha habari Maria), si "Mariam". Nilifuata ushauri wenu: anayepashwa habari hukaa katika datifu (umbo la nomino la anayepewa au kuambiwa kitu, kama Mariae), habari yenyewe katika akuzatifu (umbo la kitu kinachotendwa, kama Mariam). Imeniingia kabisa! Hata "Annuntio vobis gaudium magnum" (nawatangazia furaha kuu) aliyotangaza Kardinali Mamberti tarehe 8 Mei 2025, Papa mpya alipochaguliwa, naielewa: vobis ni ninyi mnaopashwa, gaudium ndiyo furaha inayotangazwa. Kukariri maumbo makuu ya kitenzi hiki, nuntio, nuntiare, nuntiavi, nuntiatum, nako kumesaidia. Bado nakwama kwenye "nuntiat hostes venire", yaani anatoa taarifa kwamba maadui wanakuja. Kilatini hakiweki "kwamba" hapo, nami naitafuta kila mara. Asanteni sana, hasa dada aliyenifafanulia datifu kwa subira.