Pikapu mpya: ushuru upunguzwe, au tuendelee na mitumba?

Wakuu, tangu Kia watangaze Tasman, pikapu ya daraja la Hilux na Ranger, kila kijiwe hapa Arusha kina bei yake. Juzi Kilombero jamaa kachukua bei ya Australia, ambayo mwaka 2025 ilianzia dola 42,990 za kule, kaigeuza shilingi, kasema anauza ng'ombe. Nikamwambia ngoja kwanza, wewe umesahau bandari.

Chukua mfano tu. Gari likifika Dar limegharimu milioni 80, ushuru wa forodha asilimia 25 ni milioni 20. Halafu VAT ya asilimia 18 haipigwi kwenye 80, inapigwa kwenye 100. Umeshafika milioni 118 na tozo nyingine bado, na muuzaji hajaweka chake.

Mimi nabeba vitunguu kutoka Mang'ola hadi Karatu kwa Hilux namba B. Springi ya nyuma kushoto nimeifunga kwa mpira wa tyubu. Nikipakia gunia la nane, gari linakaa kama kuku anayeatamia. Sitaki anasa, nataka gari jipya la kubeba tani. Nasema ushuru wa pikapu mpya ushuke. Mnaonaje?

*Fundi, Unga Limited*
Mkuu, ushuru hata wakiufuta, swali langu ni spea. Hilux ikinifia hapa navuka barabara tu, narudi na kifaa mkononi. Hiyo ngeni, injini dizeli ya 2.2, nani ana injekta yake leo? Gari la mazao likilala gereji wiki mbili, vitunguu vinaota.
Ila mtumba nao si rahisi kama mnavyodhani. Watu wanasema "agiza Japani", wakati Hilux iliacha kuuzwa Japani mwaka 2004, ikarudi 2017. Ndiyo maana nyingi mnazoziona zimetoka Thailand au Uingereza. Na za Uingereza, nikilala chini yake nakuta chesisi imeliwa na chumvi ya barabarani.

*Muuza pembejeo, Mbuyuni, Moshi*
Kaka, nakuelewa, ila ushuru ukishuka watakaofaidi si wewe. Watanunua mabosi. Simama mlangoni mwa shule yoyote ya kulipia saa moja asubuhi uhesabu dabo kebini: bodi linang'aa, halijawahi kuonja hata mfuko wa mbolea. Pengo la mapato litazibwa na nani, kama si mimi na wewe kwenye mafuta?

*Mwanzisha mada*
Dada, hapo umenishika. Basi nafuu iwe ya kebini moja peke yake. Hakuna bosi atakayembananisha mkewe na watoto watatu kwenye kiti kimoja. Trekta la shambani halitozwi ushuru wa forodha na sijasikia mtu akinung'unika. Sasa trekta limelima, mzigo umejaa, utoke shambani kwa punda?

*Muuza pembejeo, Mbuyuni, Moshi*
Kebini moja sawa. Lakini mwaka haujaisha, utakuta wanakata bati na kuongeza kiti cha nyuma. Tunajuana.

*Fundi, Unga Limited*
Na watakuja kwangu kukata, sikatai. Wewe wa Mang'ola, hiyo springi niletee kabla hujapakia tena. Mpira wa tyubu haukufikishi Karatu.